Kisu na Kope: Historia ya Upasuaji wa Kope, na Jibu kwa Mama Mwenye Mifuko Chini ya Macho

Ni mimi muuguzi wenu wa jamii. Leo nimeketi hapa na karatasi ndogo mkononi, swali lililoletwa studio na msikilizaji mmoja. Ameomba jina lake lisitajwe, nami sitalitaja. Anasema yeye ni mama wa miaka 38, anauza nguo sokoni, na chini ya macho yake kuna mifuko iliyovimba. Wateja humwuliza, "Mama, umelia?" Wengine hunong'ona kwamba analewa, ilhali yeye hajawahi kuonja pombe. Sasa zamu yake ya chama imefika, na rafiki yake amemwambia kuna mahali pa urembo mjini ambapo mtu hudungwa sindano chini ya macho na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Anauliza: niende au nisiende?

Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini neno moja halitamsaidia siku atakapokaa kwenye kile kiti. Kwa hivyo leo nitamjibu kwa historia. Kazi ya kukata na kushona kope ni ya kale mno, na makosa mengi ambayo mtu anaweza kuyafanya leo yalikwisha kufanywa na wengine zamani. Ni afadhali tujifunze kwa macho yao kuliko kwa macho yetu.

MWANZO ULIKUWA MAUMIVU, SI UREMBO

Waganga wa kwanza kugusa kope hawakuwa wakitafuta sura nzuri. Walitaka mgonjwa apate usingizi. Kuna ugonjwa uitwao trakoma, ambao baadhi ya watu huuita vikope. Huletwa na vijidudu vinavyosambaa kwa vidole, kwa leso, na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, upande wa ndani wa kope hupata makovu. Makovu yakikaza, ukope hujikunja kwa ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Hebu fikiria kuwa na mchanga machoni usiku na mchana, kwa miaka. Mwishowe kioo huwa cheupe na mtu hupofuka.

Wamisri wa kale waliujua ugonjwa huu wa nywele kugeukia ndani ya jicho. Katika maandishi ya mafunjo yaitwayo Ebers, yaliyoandikwa yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo, kuna dawa za kupaka baada ya kung'oa nywele hizo, nyingine zikiwa zimechanganywa na damu ya wanyama. Tusiwacheke. Hata leo katika vijiji vyetu kuna akina mama wazee wanaotembea na kikoleo kidogo shingoni ili wajukuu wawang'oe nywele za kope. Nywele huota tena, na zikiota huwa fupi na kali zaidi.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Mroma mmoja aitwaye Celsus aliandika kitabu cha tiba. Ndani yake alieleza jinsi ya kukata ngozi iliyolegea ya ukope wa juu na kuishona, ili nywele zipandishwe na kuwa mbali na jicho. Lakini alitoa onyo pia. Akasema ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halitafumba tena. Wagiriki walikuwa na jina la hali hiyo, nalo maana yake ni jicho la sungura, kwa sababu watu waliamini kwamba sungura hulala macho wazi. Msikilizaji, onyo hilo lina umri wa karibu miaka 2,000, na mpaka leo ni hofu kubwa ya kila daktari anayepasua kope. Jicho lisilofumba hukauka, na jicho lililokauka hupata vidonda.

Baadaye elimu hii ilishikwa na madaktari walioandika kwa Kiarabu. Huko Baghdad, Ali ibn Isa aliandika kitabu kizima kuhusu macho. Huko Cordoba, Uhispania, al-Zahrawi, aliyefariki yapata mwaka wa 1013, alieleza njia kadhaa za kuinua ukope: kuchoma kwa chuma cha moto, kupaka dawa inayounguza, kukata na kushona, na hata kubana ngozi iliyozidi kati ya vijiti viwili mpaka ife na kudondoka yenyewe. Zote zilifanyika bila dawa ya ganzi kama tunayoijua sisi.

SIKU MACHO YALIPOPATA GANZI

Jina ambalo madaktari hulitumia kwa upasuaji huu, blefaroplasti, lilitumiwa na Karl Ferdinand von Graefe wa Berlin mwaka wa 1818. Yeye alikuwa akitengeneza upya kope zilizoharibiwa na uvimbe wa saratani. Hapo pia hakuna habari za urembo.

Kikwazo kikubwa kilikuwa maumivu. Mwaka wa 1846 huko Boston, Marekani, watu walionyeshwa hadharani kwamba mgonjwa anaweza kulazwa usingizi kwa kuvuta hewa ya dawa iitwayo etha, akapasuliwa bila kulia. Lakini kwa jicho etha haikufaa vizuri. Mgonjwa alitapika na kujitikisa, na upasuaji wa jicho hautaki kutikisika. Mwaka wa 1884 kijana mmoja wa Vienna, daktari Karl Koller, alitia matone ya kokeini kwenye jicho la chura, kisha wanyama wengine, kisha yeye na mwenzake wakajitia machoni. Wakajigusa kwa kichwa cha pini wasihisi kitu. Mwezi wa Septemba mwaka huo habari hiyo ilisomwa kwenye mkutano wa madaktari wa macho huko Heidelberg, na aliyeisoma ni daktari mwingine, kwa sababu Koller hakuwa na nauli ya kwenda! Mimi hulikumbuka jambo hili kila ninapokosa pesa za kuhudhuria semina.

Baadaye zilikuja dawa za ganzi zisizo na uraibu wa kokeini. Pamoja nazo ikaja elimu ya kuua vijidudu kwenye vyombo na mikono. Maumivu yalipopungua na usaha ukapungua, mtu mzima wa afya alianza kujiuliza: mbona nami nisikatwe kidogo, nipendeze?

VITA, KAZI NA SURA

Japani, mwaka wa 1896, daktari Mikamo aliandika jinsi alivyomtilia nyuzi mwanamke aliyezaliwa na mkunjo kwenye ukope mmoja tu, ili macho yake mawili yafanane. Mwaka wa 1906, Charles Conrad Miller wa Chicago alichapisha maelezo ya kukata ngozi iliyojikunja kama mifuko kuzunguka macho, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya kurekebisha sura. Madaktari wengi wa wakati wake walimwona kama mfanyabiashara tu.

Kisha ikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Baharia Mwingereza aitwaye Walter Yeo aliungua usoni katika vita vya baharini vya Jutland mwaka wa 1916, akapoteza kope zote za juu na za chini. Hebu fikiria mtu asiyeweza kufumba macho hata akilala. Mwaka wa 1917 daktari Harold Gillies alichukua ngozi ya kifuani mwake na kumtengenezea uso mpya kuzunguka macho. Kwa Yeo, ukope haukuwa pambo. Ulikuwa ni mlango wa nyumba.

Baada ya vita, huko Paris, kulikuwa na daktari mwanamke aitwaye Suzanne Noël, aliyewapasua wanawake waliotaka kuondoa makunyanzi na mifuko ya macho. Mwaka wa 1926 alitoa kitabu kuhusu upasuaji wa urembo na nafasi yake katika jamii. Hoja yake ilikuwa kwamba wengi wa wagonjwa wake walitaka kubaki kazini. Mwanamke akionekana mzee au mchovu, mwajiri alimwachisha. Miaka hiyohiyo ya 1920, Mfaransa Julien Bourguet alieleza namna ya kutoa mafuta ya mifuko kwa kupasua upande wa ndani wa ukope wa chini, ili kovu lisionekane nje. Njia hiyo ingali inatumika.

Nataka tutulie hapo kidogo. Mama yetu wa sokoni naye hakuandika kwamba anataka kuwa malkia wa urembo. Ameandika kwamba wateja wanamdhania mlevi. Tusimcheke wala tusimhubirie kuhusu kuridhika. Uso wake ni sehemu ya biashara yake, kama ulivyokuwa kwa wale wanawake wa Paris.

NTA ILIYOGEUKA MAWE

Sasa tufike kwenye sindano. Wengi hudhani sindano za urembo ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka wa 1899, daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga nta ya parafini chini ya ngozi ili kujaza mahali palipobonyea. Si yale mafuta ya taa tunayopikia, ni nta laini inayotokana na petroli, jamaa ya nta ya mishumaa. Mgonjwa aliingia, akadungwa, akatoka akiwa na sura laini siku hiyohiyo. Sifa zikaenea Ulaya na Marekani kama moto wa nyika.

Miaka ikapita, na nta ikaanza kusema. Wengine ilihama kutoka mahali ilipowekwa. Wengine iligeuka vinundu vigumu, ngozi ikawa nyekundu na kutoboka. Na wengine nta iliingia kwenye mshipa wa damu wakati wa kudungwa, wakapofuka. Gladys Deacon, mrembo aliyejulikana sana Ulaya na ambaye baadaye aliolewa na mtawala wa Marlborough wa Uingereza, alidungwa nta hiyo puani akiwa kijana. Iliteremka mpaka kidevuni, na akaishi nayo mpaka uzeeni.

Dawa za leo ni tofauti na nta, nalisema hilo waziwazi. Inayotumiwa sana kujazia chini ya macho huitwa asidi ya hayaluroniki. Ni kitu kilicho ndani ya miili yetu, na kiligunduliwa mwaka wa 1934 na Karl Meyer na John Palmer kutoka kwenye macho ya ng'ombe. Marekani iliruhusu sindano ya aina hiyo kwa makunyanzi ya uso mwaka wa 2003, na mwaka wa 2022 ikaruhusu ya kwanza iliyokusudiwa mabonde yaliyo chini ya macho. Botox nayo ilianzia kwa wagonjwa. Iliruhusiwa huko mwaka wa 1989 kwa macho makengeza na kope zinazojibana zenyewe, na mwaka wa 2002 kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi.

Lakini mishipa ya uso haijabadilika tangu siku za Gersuny. Mwaka wa 2015, shirika la Marekani la kusimamia dawa lilitoa onyo kwamba dawa hizi za kujazia zikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, zinaweza kuleta upofu na kiharusi. Hutokea kwa nadra. Hata hivyo ikitokea kwenye chumba cha nyuma cha saluni, ambako hakuna daktari wala dawa ya kuyeyusha ile iliyodungwa, hakuna wa kumwokoa mtu. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sisi wauguzi husema pole hata hivyo, ila pole hairudishi jicho.

NIMJIBU NINI MAMA?

Kwanza, mama, mifuko si ugonjwa mmoja. Jicho limelazwa juu ya mto wa mafuta. Mwaka wa 1951 daktari Salvador Castañares alieleza jinsi mafuta hayo yalivyogawanyika katika vifuko vidogo ndani ya kope. Umri unapokwenda, ukuta unaoyazuia hulegea na mafuta husukumwa mbele. Kwa wengine ni urithi. Marehemu baba yangu alikuwa na mifuko hiyo, nami ninayo. Kazini huniuliza kama nimetoka zamu ya usiku hata nikiwa nimetoka likizo. Mifuko ya namna hii haiondoki kwa usingizi, wala kwa tango, wala kwa majani ya chai.

Pili, weusi chini ya macho si sawa na mifuko. Kwa sisi watu wa ngozi nyeusi mara nyingi ni rangi tu ya kurithi, au ni kusugua macho kwa sababu ya mzio. Kisu hakitoi rangi. Tena uogope krimu za kung'arisha zisizo na maelezo. Nyingine huwa na zebaki, na zebaki huharibu figo.

Tatu, na hili nalisema kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu katika ploti tunamoishi aliniita karibu na kamba ya nguo. Akaniambia, "Sista, angalia macho yangu yanavyovimba asubuhi." Nilikuwa nakimbilia matatu. Nikamwambia apunguze chumvi na alale mapema, nikaenda zangu. Wiki tatu baadaye viatu havikumtosha tena. Tulipopima mkojo wake, ulikuwa umejaa protini. Figo zake zilikuwa zinavuja. Alipelekwa hospitali kubwa, akatibiwa, na leo yupo na tunasalimiana. Lakini zile wiki tatu ni zangu. Kipimo cha mkojo ni kikaratasi kimoja na dakika mbili, nami nilimnyima kwa sababu niliona ni maneno ya urembo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia macho yanavimba, sicheki. Ninauliza: yalianza lini? Yanazidi asubuhi? Miguu je? Mkojo una povu? Unasikia baridi kuliko wengine, umeongeza uzito, sauti imekwaruza? Maana hata tezi ya shingo ikilegea huvimbisha macho. Mifuko iliyokuja polepole kwa miaka, na iliyofanana na ya mama au baba yako, aghalabu ni sura. Uvimbe uliokuja ghafla ni habari.

Kwa hivyo, mama, usianze na saluni. Anza na kituo cha afya, upimwe mkojo, presha na sukari. Yote yakiwa sawa na bado unataka kurekebishwa, ni haki yako. Mtafute daktari bingwa wa macho au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina orodha ya waliosajiliwa, na kuuliza si utovu wa heshima. Mwulize amefanya kope ngapi, na likitokea tatizo usiku utampigia nani. Mweleze kama una presha, kama unavuta sigara, kama macho yako hukauka, na kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, maana damu ikivuja nyuma ya jicho inaweza kulipofusha. Baada ya upasuaji, maumivu makali au jicho kuanza kuona giza si jambo la kusubiri asubuhi. Rudi saa hiyohiyo.

Ujue pia kwamba sindano ya kujazia hutumika kwa mahali palipobonyea. Mahali palipovimba, inaweza kuzidisha uvimbe. Yaani ile ya kabla ya chakula cha mchana huenda isiwe hata dawa yako.

KOPE ZINAZONGOJA BADO

Kabla sijaaga, nirudi kwa wale wazee wenye vikoleo shingoni. Upasuaji ule wa Celsus haujafa. Umeboreshwa. Majaribio yaliyofanywa Oman na kuchapishwa mwaka wa 1992 yalilinganisha njia mbalimbali za kugeuza ukope uliojikunja, na yakasaidia kuonyesha ile inayodumu zaidi. Mwaka wa 2012, Oman ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imemaliza trakoma kama tatizo la afya ya umma. Malawi ilifuata mwaka wa 2022.

Sisi Kenya bado tuko njiani. Turkana, Pokot Magharibi, Samburu, Baringo, Narok na Kajiado ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa na ugonjwa huu. Upasuaji wake ni mfupi, hufanywa kwa ganzi ya sindano, na mara nyingi hutolewa bure kwenye kambi za macho na wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuosha uso wa mtoto kwa maji safi, kuchimba vyoo na kumeza dawa zinapogawiwa huzuia watoto wasifike huko.

Basi msikilizaji, kama una nyanya nyumbani anayepepesa akitokwa na machozi na kujificha jua, usingoje. Mpeleke. Kisu kilianzia kwake kabla hakijafika kwa warembo.

YA KUKUMBUKA

- Macho yanayovimba ghafla: pima mkojo, presha na sukari kwanza.
- Usidungwe chochote karibu na jicho nje ya hospitali au kliniki iliyosajiliwa.
- Kisu hakiondoi weusi wa ngozi.
- Nywele za kope zinazogeukia ndani zinatibika. Kung'oa si tiba.

Mama wa sokoni, asante kwa swali lako. Ukifika kituoni kwetu sema tu umetoka kwenye redio. Nitakupa kile kikaratasi cha mkojo mwenyewe, na sitakuwa nikikimbilia matatu.